Kwenda Ruaha kwa Gari: Mwongozo Kamili wa Njia, Mto na Barabara za Ndani

Hakuna anayepita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha akielekea kwingine. Ukifika pale, umekusudia. Ndiyo maana hifadhi yenye kilomita za mraba kama 20,000, ya pili kwa ukubwa nchini Tanzania baada ya Nyerere, inaweza kukupa asubuhi nzima bila kupishana na magari zaidi ya mawili matatu. Gharama ya utulivu huo inamwangukia dereva, na mwongozo huu ni wake: mtu anayekwenda na gari lake au la kukodi, bila kampuni ya utalii ya kumfikiria kila kitu.

Wengi hupanga safari hii kwa kuhesabu kilomita, kisha wanashangaa mpango umevurugika. Ruaha inapangwa na vitu viwili: mto una maji kiasi gani mwezi huo, na geti linafungwa saa 12 jioni. Gari, njia, mahali pa kulala na utakachokiona vyote vinafuata hapo.

Kwanza chagua mwezi

Ruaha ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na masalia yake Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi.

Mto Ruaha Mkuu unatoka uwanda wa Usangu na ardhioevu ya Ihefu, unapita ukingoni mwa hifadhi upande wa kusini mashariki, kisha unakwenda kujaza mabwawa ya Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na Rufiji. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, kwa sababu maji mengi huishia kwenye mashamba ya mpunga huko juu. Kwa viboko ni mateso. Kwa mtazamaji, maana yake ni kwamba kufikia Septemba mto hubaki madimbwi, na kila chenye kiu kinajulikana kitapatikana wapi.

Ushauri wangu: kama ni mara yako ya kwanza, nenda Septemba. Barabara ni kavu, nyasi zimelala, wanyama wako mtoni. Kama joto na vumbi vinakushinda, nenda mwishoni mwa Juni au Julai. Kuna ubaridi, nchi bado ina kijani, ila nyasi ndefu zitakuficha mengi. Oktoba wanyama ni wengi kupita kiasi, lakini mchana gari lisilo na kiyoyozi linageuka tanuri.

Januari hadi Aprili ni kipindi cha wapenda ndege, maana hifadhi ina zaidi ya aina 570 na wengi wa wageni wa msimu wanakuwepo. Lakini udongo mweusi wa mbuga ukilowa unashika gurudumu na hauliachii. Baadhi ya njia hufungwa. Miezi hiyo usiende na gari moja peke yake, hata kama ni Land Cruiser na hata kama dereva ni wewe.

Gari: kimo kwanza, mengine baadaye

Kiangazi, gari lenye kimo cha kutosha na tairi nzima linafika makao makuu ya hifadhi, Msembe, hata bila foo-wili. Tatizo linaanza ukitaka kuacha barabara kuu ya ndani na kuingia njia za kandokando ya mito. Kule kuna mawe, makorongo na mchanga wa kuzama. Noah inaweza kukufikisha Msembe na kukuzungusha karibu na mto, nawe ukaona tembo na viboko, lakini bonde la Mwagusi, mto wa mchanga ndani ya hifadhi, utalitazama kwa mbali. Gari la chini kama IST liache Iringa, mji wa mwisho kabla ya hifadhi, ukodi jingine. Pesa ya sampo utakayoipasua njiani ingelipa siku ya kukodi.

Kabla ya kuondoka, mpeleke fundi chini ya gari. Mwambie atazame bushi, shokapu, mipira ya breki na mabomba ya rejeta, na akaze vituo vya betri. Njia ya Iringa hadi getini ina rasta, yaani vituta vidogo mfululizo vya barabara ya vumbi, zinazolegeza kila nati iliyokazwa nusunusu. Kisha weka ndani:

- spea mbili kama zinapatikana, na moja ni lazima iwe na upepo uliopimwa siku hiyohiyo
- jeki pamoja na kipande cha mbao nene cha kuweka chini yake, maana jeki juu ya mchanga huzama badala ya kuinua
- kipimo cha upepo na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari
- koleo, kamba ya kuvutia, na zulia mbili za zamani au bati za mchanga
- dumu la lita 20 la maji, mbali na ya kunywa ambayo ni lita 5 kwa mtu kwa siku
- tochi ya kichwani, fyuzi za ziada, na mkanda wa kuzibia mabomba

Kufika Iringa

Ukitokea Dar es Salaam ni takriban kilomita 500 za lami kupitia Chalinze, Morogoro, Mikumi na Mlima Kitonga. Usiamini anayekuambia ni saa sita. Kati ya malori, matuta na trafiki wenye tochi vijijini, weka saa 8 hadi 10. Barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na hapo kasi ina kikomo na kugonga mnyama kuna faini. Baada ya Mikumi unaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha ukiwa ubavuni mwako. Ni maji yaleyale yaliyopita hifadhini, yametoka Mtera. Halafu Kitonga. Kupanda na gari dogo si kazi, kazi ni subira nyuma ya malori. Usipite kwenye kona. Madereva wa malori wanakujali kuliko unavyodhani na wengi watakupa taa ya pembeni njia ikiwa wazi, lakini uamuzi bado ni wako.

Ukitokea Dodoma ni kilomita kama 260, lami nzuri, unapita juu ya bwawa la Mtera. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa asiyetaka kuendesha kutoka Dar: treni ya SGR imeanza kufika Dodoma mwaka 2024, kisha ni basi au gari la kukodi hadi Iringa. Ukitokea Mbeya unakuja kupitia Makambako na Mafinga, zaidi kidogo ya kilomita 300.

Kutoka Dar hadi getini siku moja inawezekana kwenye karatasi. Usifanye. Utafika Iringa mchana umechoka, utajishawishi kwamba saa tatu zinatosha, na jua litakuzamia kwenye rasta. Lala Iringa. Mji uko juu ya kilima, unapanda kutoka Ipogolo, na usiku kuna baridi ya kweli, hivyo beba sweta hata kama kesho yake utaoga jasho.

Iringa ndiyo sheli yako ya mwisho ya kutegemea

Hesabu ya mafuta iko hivi. Kutoka Iringa hadi Msembe ni kilomita kama 130, kwenda na kurudi 260. Ndani, siku moja ya kuzunguka taratibu ni kilomita 80 hadi 120. Kwa siku tatu unakaribia kilomita 600. Land Cruiser ikitembea kwa gia ndogo na mchanga hula lita 15 hadi 20 kwa kilomita 100, kwa hiyo unahitaji lita 100 na ushei. Jaza tangi, ongeza dumu. Mafuta ya chupa vijijini yapo, lakini hujui yamechanganywa na nini.

Asubuhi ukiwa sheli, ulizia hali ya barabara. Usimuulize anayejaza mafuta tu. Mtafute dereva wa gari la utalii lenye vumbi jekundu hadi kwenye vioo, yule katoka huko jana. Muulize mambo matatu: njia gani ya kushika, mto umekatika au unatiririka, na Mwagusi inavukika wapi. Majibu yake yana thamani kuliko ramani yoyote.

Nunua chakula na matunda sokoni Iringa. Njiani, msimu wa mvua, utaona ulanzi, pombe ya mianzi, ukiuzwa kando ya barabara. Ni mtamu, na ukikaa saa chache unakuwa mkali kuliko unavyoonekana. Abiria wanywe wakifika, dereva asubiri siku ya kurudi nyumbani.

Usiye na gari bado una njia. Kuna basi la kila siku kati ya Iringa na kijiji cha Tungamalenga, huondoka Iringa mchana na kurudi alfajiri. Kambi za Tungamalenga hukodisha magari ya kuingilia hifadhini. Jiungeni watu wanne au watano mgawane gharama. Usitegemee bodaboda ikuzungushe ndani, pikipiki haziruhusiwi.

Iringa hadi getini

Toka Iringa saa 12 asubuhi, saa moja ikizidi sana. Mwanzoni utapita Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Makumbusho yake ni madogo na yanatosha saa moja, lakini yapangie siku ya kurudi.

Baada ya hapo lami inapoisha, au ukikuta mchepuko wa ujenzi, badilisha uendeshaji wako hapohapo. Punguza upepo wa tairi kidogo, kama ulikuwa PSI 36 shusha hadi 28 au 30. Gari litalalamika kidogo na tairi zitameza mawe badala ya kupasukia juu yake. Washa taa hata mchana. Kaa kushoto, na ukikutana na lori punguza kabisa hadi vumbi litue, kwa sababu ndani ya lile vumbi kuna mbuzi, baiskeli iliyobeba magunia, au mtoto anayerudi shuleni.

Rasta zina kanuni yake. Ukienda polepole sana, kila tuta linakugonga moja moja hadi meno. Ukikimbia, gari linaelea juu ya vichwa vya matuta na unaona raha, ila sasa tairi zinagusa ardhi nusu ya muda tu, na breki hazina pa kushikia. Ajali nyingi za barabara ya vumbi zinatokea kwenye raha hiyo: kona inakuja, dereva anakanyaga breki, mkia wa gari unatangulia. Kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa tafuta mwendo ambao gari lako linatulia, na kabla ya kona au daraja punguza kwa gia mapema. Ukihisi usukani umelegea, simama. Zunguka gari, piga kila tairi teke, gusa nati kwa mkono, angalia mizigo ya juu.

Kilomita kama 58 kabla ya hifadhi njia inagawanyika. Zote mbili zinafika getini na umbali unakaribiana. Ya kushoto inapita vijijini, Idodi na Tungamalenga. Ina watu, maduka na fundi wa kuziba pancha. Ya kulia imenyooka hadi macho yanachoka na haina kitu. Mimi huwashauri wageni washike ya kushoto wakati wa kwenda, gari likiwa bado halijulikani litavumilia vipi. Pancha ikitokea utamwona mtu ndani ya dakika kumi, na ukimsalimu kwa Kihehe, "kamwene", kabla ya kueleza shida, utasaidiwa kama mtoto wa nyumbani.

Bado kuna kipande kutoka Tungamalenga hadi getini. Hapo tembo wanavuka barabara ingawa bado hujaingia hifadhini. Anza kuendesha kana kwamba umeshaingia.

Getini

Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hakuna kulipa taslimu mkononi: utapewa namba ya malipo, ile kontroo namba, ulipe kwa simu au kadi. Mtandao wa simu pale unaweza kusuasua, kwa hiyo hakikisha salio liko tayari kabla hujafika, au fanya malipo Iringa. Mtanzania na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini, ila lazima athibitishe, hivyo beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, na vyeti vya watoto. Gari lenye namba za Tanzania nalo hulipiwa kwa shilingi. Muulize afande anayeandika kibali chako kinaisha saa ngapi na kama kinaruhusu kutoka na kurudi, kisha piga picha karatasi hiyo. Mabishano mengi ya siku ya kutoka yanatokana na saa moja ambayo hakuna aliyeiandika.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Droni usiitoe bila kibali. Kasi ndani isizidi kilomita 50 kwa saa, na ukweli ni kwamba ukizidi 25 hutaona kitu. Kutoka nje ya njia kwa gari ni kosa. Kushuka ni pale palipotengwa tu.

Ukivuka daraja la Ibuguziwa juu ya mto Ruaha, endesha taratibu utazame pande zote mbili. Viboko na mamba wa pale hawahitaji kutafutwa.

Kuzunguka: anza na mto, malizia na mto

Kutoka daraja hadi Msembe ni kilomita chache. Pita ofisini, chukua ramani, na kama bajeti inaruhusu chukua askari wa hifadhi au mwongozaji kwa nusu siku ya kwanza. Si kwa ajili ya usalama tu. Atakuonyesha vivuko na sehemu wanazopumzika simba, na kesho yake utajizungusha mwenyewe kwa kujiamini.

Wageni wengi hutaka kuimaliza ramani. Hifadhi hii haimalizwi. Sehemu kubwa ya magharibi ni miombo na nyanda za juu ambako hata madereva wa zamani huenda mara chache. Shika eneo dogo ulijue. Mpango unaofaa kwa siku mbili tatu ni huu.

Asubuhi ya kwanza fuata njia ya kando ya mto kutoka Msembe ukishuka na maji, kuelekea unapoingia Mwagusi. Nenda kilomita kumi kwa saa moja. Kila penye kivuli kinachoutazama mto, simama, zima injini, na ukae dakika ishirini. Hapa ndipo watu hukosea: wanaona twiga wawili, wanapiga picha, wanawasha gari. Wangekaa, wangeona kwa nini wale twiga wanatazama upande mmoja. Kundi la swala pala likisimama wima wote wakielekeza pua mahali pamoja, pale pana kitu. Tumbusi wakishuka mmoja mmoja kwenye mti uleule, endesha hadi karibu na mti huo kama njia inafika.

Mchana, kuanzia saa tano hadi tisa, wanyama wamelala na wewe upumzike. Kuwasha gari saa nane mchana wa Oktoba ni kuchoma mafuta bure.

Jioni ingia bonde la Mwagusi. Huu ni mto wa mchanga. Kiangazi hauna maji juu, lakini yapo chini, na tembo wanajua. Mmoja anasimama katikati ya mchanga mtupu, anakwangua kwa mguu wa mbele, anatupa mchanga kando, kisha anazamisha mkonga hadi karibu na mzizi. Maji ya kwanza yana tope, anayamwaga. Anasubiri shimo lijichuje, ndipo anakunywa, mkonga baada ya mkonga, bila haraka. Ndama anasogea kunywa, anafukuzwa, anarudi kwa upande mwingine. Nyani wamekaa ukingoni wakingoja aondoke. Kaa hapo hadi saa ikuambie kurudi. Simba nao wanalijua bonde hili, kwa kuwa nyati hushuka kunywa.

Siku ya pili panda mto, upande wa kusini magharibi kuelekea Jongomero. Ni mbali, kilomita kama 60 kutoka Msembe, hivyo huna haja ya kufika mwisho. Nusu ya njia inakupa mibuyu mikubwa iliyochunwa magome na tembo, tandala mkubwa na tandala mdogo, na upweke wa kutosha. Mdonya, mto mwingine wa mchanga, nao uko upande huo. Ukipenda mwinuko, mlima Kimiramatonge karibu na Msembe unakupa alama ya kujua uko wapi: ukiuona, hujapotea.

Kupotea hutokea njiapanda. Kila unapogeuka, piga picha kibao au mti wa pale na simu yako, saa itajiandika yenyewe. Pakua ramani ya nje ya mtandao ukiwa Iringa. Na weka saa ya kugeuka: gawanya muda uliobaki mara mbili, toa nusu saa, na ukifika hapo rudi hata kama simba yuko kona inayofuata.

Kuvuka mchanga

Hapa ndipo magari mengi yanapokwama, na karibu yote yanakwama kwa namna moja.

Kabla ya kushuka ukingoni, simama utazame. Tafuta alama za tairi za leo. Zikiingia zikatoka ng'ambo, fuata hizo. Zikiingia zikachimba shimo, mwenzako ameshakufanyia majaribio. Funga foo-wili ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, si baada ya kuzama. Land Cruiser za zamani zinahitaji kufunga hab za magurudumu ya mbele kwa mkono, jambo ambalo lifanye asubuhi kambini ili usilazimike kushuka. Kama mchanga ni mwingi, shusha upepo hadi PSI 18 au 20. Tairi inatanuka na kukanyaga juu badala ya kukata.

Ingia kwa gia ya pili ya chini, mwendo mmoja, usukani umenyooka. Usibadilishe gia katikati, usikanyage klachi, usifunge breki. Ukihisi gari linakuwa zito, ongeza mafuta kidogo na kuyumbisha usukani kushoto na kulia ili kingo za tairi zishike. Likisimama kabisa, acha. Hilo neno ndilo gumu kwa madereva: acha. Kila sekunde ya kuzungusha magurudumu inakuteremsha inchi moja, hadi chesisi inakaa juu ya mchanga na hapo hata winchi itaomba msaada. Weka rivasi, rudi polepole juu ya nyayo zako mwenyewe, kisha jaribu tena. Isipokubali, abiria mmoja asimame mlangoni akitazama vichaka pande zote, wengine wachimbe mchanga mbele ya magurudumu yote manne, zulia zilale, na gari litoke kwa gia ya chini.

Msimu wa mvua mto wa mchanga unaweza kushuka na maji ghafla, ingawa juu yako hakuna wingu, kwa sababu mvua imenyesha kilomita nyingi huko juu. Maji ya kahawia yanayobeba vijiti hayavukwi. Ngoja, mito hii hupungua kwa saa chache.

Tembo njiani

Ruaha imepitia ujangili mkali katika muongo uliopita na tembo wake wengine hawajasamehe sauti ya injini. Wape nafasi kuliko unavyofanya Mikumi.

Kundi lenye ndama likivuka, simama mbali, usiligawe. Injini iache ikinguruma chini chini kama uko sehemu finyu, na hakikisha nyuma yako hakuna gari lililokuziba. Masikio yaliyotanuka, kichwa juu, kutikisa kichwa na kurusha vumbi ni onyo. Anakuomba usogee, nawe rudi nyuma taratibu bila honi. Masikio yakibanwa nyuma, mkonga ukakunjwa ndani na akaja kimya, muda wa kuonywa umekwisha, ondoka. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, miguu ya nyuma imelowa mkojo, yuko kwenye ashiki. Huyo usimpitie kabisa, hata kama utachelewa chakula. Na ndani ya gari kusiwe na matunda yanayonukia.

Mbung'o, na usiku

Mbung'o wako zaidi kwenye miombo na vichaka vizito kuliko kando ya mto. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana utaona vitambaa vya mitego vya rangi hizo vikining'inia njiani. Vaa kaki au kijivu, funga vioo ukipita, na usihangaike kuwafukuza kwa kofia ukiendesha. Usiku ni zamu ya mbu, kwa hiyo chandarua.

Ukilala Msembe, kwenye banda au kambi ya hifadhi, unapata alfajiri na magharibi mtoni, saa bora kuliko zote. Ukilala Tungamalenga unaokoa pesa na unapoteza saa hizo. Kama una usiku miwili, gawa: mmoja nje, mmoja ndani. Kambi za ndani hazina uzio. Viboko hupanda kula nyasi usiku, na njia yao ya kurudi majini haizibwi na mtu anayetaka salama. Ukienda chooni mulika kwanza, subiri, angalia macho yanayong'aa, ndipo utoke. Chakula kibaki ndani ya gari, si hemani.

Ukiharibikiwa mbali

Baki na gari. Funua boneti, hiyo ni ishara inayosomeka kwa mbali. Kabla ya kutoka kila asubuhi waachie watu wa kambi njia utakayopita na saa ya kurudi. Usiporudi, watajua pa kuanzia. Simu hushika zaidi karibu na Msembe, na namba ya dharura nchini ni 112, lakini namba itakayokusaidia haraka ni ya ofisi ya hifadhi uliyoiandika siku ya kwanza. Usitembee kwenda kutafuta msaada, hata kama unaona paa la kambi.

Siku ya kutoka

Zunguka gari ukiwa bado Msembe. Miezi ya nyasi ndefu, mbegu huziba uso wa rejeta na majani makavu hujikusanya juu ya bomba la moshi, ambako yanaweza kushika moto. Yatoe kwa mkono gari likiwa limepoa. Fungua hab, rudisha upepo hadi wa barabara ya vumbi, na ukifika lami pandisha tena hadi kipimo cha kawaida, kwa sababu tairi laini kwenye lami ya mwendo kasi hupata joto na kupasuka.

Iringa mpe fundi dakika kumi chini ya gari: bushi, nati, mabomba ya breki, mafuta ya difu. Hasa breki. Kama unarudi Dar, kesho yake unateremka Kitonga, na pale unaweka gia ndogo juu kabisa kabla mteremko haujaanza, ukiacha injini ishike gari hadi chini.